Kofia ya Jumapili ya Orbin Slone

Hebu mwone kwanza anavyofika. Gari refu jeusi linapanda njia ya changarawe kando ya kijito, taratibu, kwa sababu juu ya paa lake amefungwa kamba abiria mwenye kiuno chembamba na makalio mapana, kafunikwa turubai. Hiyo ni besi, ile fidla kubwa kupita mtu, ambayo mpigaji husimama nayo ameikumbatia. Gari linatua mbele ya shule ya Kijito cha Rhoden. Wanashuka wanaume wanne wenye suti na kofia safi, wanajinyoosha migongo, wanasalimia. Kisha unatokea mguu. Unafuata mguu wa pili, halafu goti, halafu mtu mzima anajikunjua pole pole kama ngazi ya fundi rangi. Ana uso mpole wenye haya. Hajasema neno wala hajafanya lolote, na watu walioko mlangoni wameshaanza kucheka.

Huyo ndiye Orbin Slone. Katika milima yetu ya Kentucky wengi walimjua kwa jina la Mjomba Maharage, na wapo waliozeeka bila kujua kwamba ana jina jingine.

Hakuzaliwa mchekeshaji. Alizaliwa mtoto wa Ndugu Enoch Slone, aliyekuwa akitoa mistari katika kanisa la Wabaptisti wa zamani pale pale Rhoden, kanisa lisilo na kinanda wala gitaa. Anasimama mtu mmoja, anatamka mstari wa wimbo haraka haraka kwa sauti ya juu, na kanisa zima linaupokea, linauvuta polepole, unapanda na kushuka kama ukungu bondeni. Ndugu Enoch alikuwa na kauli yake: "Mstari ukitolewa, haukai hewani. Lazima ujibiwe." Nao waliuheshimu. Siku moja nguruwe jike la jirani liliingia chini ya sakafu ya kanisa, likaanza kujikuna mgongo kwenye mihimili mpaka mabenchi yakatikisika, na hakuna aliyeinuka kwenda kulifukuza kabla ubeti haujaisha. Orbin aliimba ubavuni kwa baba yake tangu utotoni. Sauti yake ilipovunjika ilishuka chini kabisa, na huko chini ilikuwa pana na laini.

Mama yake, Arminta, alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Ukimuuliza juu ya muziki wa vyombo angekujibu, "Banjo si dhambi. Ila nyumba zao zimepakana."

Mgodi wa makaa ulipopunguza watu, Orbin alikuwa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani. Akaja Hobart Gayheart, mpiga mandolini, mwenye bendi ya bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa milimani, iliyopiga kila adhuhuri redioni na kila jioni katika shule za mabondeni. Mpiga besi wake alikuwa ameoa na kuhama.

"Unajua kupiga besi?" Hobart aliuliza.

"Sijui. Lakini nasikia inavyokwenda."

"Una urefu. Hiyo inatosha kwa kuanzia."

Akamkabidhi besi, akamkabidhi na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na suruali ambayo ingewatosha watu wawili na mbwa wao, viatu vya mtu aliyekufa, kipande cha nta nyeusi cha kuzibia jino lionekane pengo, kofia kubwa iliyochakaa na kikofia kidogo kama cha mtoto.

"Hivi ni vya nini?"

"Vinakuja na besi."

"Hobart, mimi hata kusalimia watu naona haya."

"Mpiga besi ndiye anayechekesha, ndugu yangu. Ndivyo ilivyo kila bendi. Sikuitunga sheria mimi."

Jioni ya kwanza Orbin hakusema kitu. Alipiga besi yake akitazama viatu. Ila besi husimama juu ya chuma chenye ncha, na katika kujisogeza aliichoma ile ncha katikati ya mguu wa suruali, akaukaza kwenye ubao wa jukwaa. Wenzake walipomaliza wimbo na kurudi nyuma, yeye akataka kurudi, akashindwa. Akavuta. Suruali ikashuka kidogo. Akaacha kuvuta, akasimama pale amekumbatia besi, anawatazama watu kwa macho ya mtu anayeomba ushauri. Watu walilia kwa kucheka.

Hobart akamnong'oneza, "Kesho uifanye tena hiyo."

Basi akaifanya kesho yake, na keshokutwa, na hivyo ndivyo Mjomba Maharage alivyozaliwa. Polepole akapata na maneno. Hobart humuuliza mbele za watu, "Mjomba, nasikia umeacha kazi mgodini." Naye hujibu, "Nimeacha, Hobart. Mle ndani giza." "Mgodini lazima kuwe na giza, Mjomba." "Najua. Lakini mtu hujui saa ya kula imefika au imepita, inabidi ule muda wote."

Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kisa cha kofia. Hobart husema, "Mjomba, vua kofia, kuna wanawake humu." Orbin huvua ile kubwa kwa heshima, na chini yake kipo kile kikofia, kimekaa utosini kama kifuniko cha chupa. "Nimesema vua kofia." "Ile uliyosema nimeshavua. Hii ni ya Jumapili."

Sasa, katika kila onyesho upo wakati wa wimbo wa Mungu. Banjo huwekwa chini, fidla huwekwa chini, zinabaki mandolini na gitaa tu. Wanaume huvua kofia, wanne wanakusanyika kwenye maikrofoni moja hadi wanakaribia kugusana mashavu, na ukumbi unanyamaza. Sauti ya chini aliiimba Cletis Napier, mpiga banjo, mtu mwema, ambaye sauti yake ilikuwa ikishuka ngazi mbili tatu kisha inakaa kupumzika. Orbin alisimama pembeni na besi yake, akisikia pengo lile kila jioni, huku koo likimwasha.

Mwishowe alimwomba Hobart, na Hobart akakubali: angeimba siku watakayopiga nyumbani, Rhoden. Orbin akaenda kwa mama yake. Alimkuta anachambua maharage.

"Mama, Jumamosi naimba wimbo wa Mungu pale shuleni."

"Huo tu?"

"Katikati ya mengine."

Arminta akatupa kijiwe nje ya mlango. "Nitakuja kwa huo wa katikati."

Na kweli alikuja. Hakuwahi kukanyaga onyesho lolote maishani mwake. Aliingia wakati wa wimbo ule tu, akakaa mwisho wa benchi la pili, mikono juu ya aproni. Orbin alikuwa ametoka tu kuchekesha. Alimwona mama yake, akaegemeza besi ukutani, akasogea kwenye maikrofoni pamoja na watatu wenzake. Wakavua kofia. Naye akavua yake kwa unyenyekevu wote aliofundishwa na baba yake, akaibana kifuani, akainamisha kichwa.

Alikuwa amesahau kikofia.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Yeye hakuelewa kwanza, akadhani suruali imeanguka, akajishika kiuno, wakazidi. Hobart alikuwa ameshaanza ubeti, akauacha. Katika kelele zile Orbin alimwona mama yake anainuka, pindo la aproni limeziba mdomo, mabega yanatikisika, anatoka nje bila kugeuka. Alipopata nafasi ya kumfuata alikuta ua mtupu. Arminta alikuwa ameshashika njia ya kwenda kwake kwa miguu.

Alilia, Orbin akajiambia. Nimemfanya mama yangu alie, na kwa wimbo wa Mungu.

Kesho yake alikwenda kula kwake kama kawaida. Alipewa maharage na mkate wa mahindi. Arminta hakulitaja neno lile, naye hakuthubutu kuuliza. Tangu hapo jambo lile lilikaa nao mezani kila Jumapili kama mgeni ambaye hakuna anayejua atamfukuzaje.

"Niondoe kwenye wimbo," alimwambia Hobart. "Mrudishe Cletis."

Hobart hakubisha. Kuanzia siku ile, wakati wa wimbo wa Mungu ukifika, Mjomba Maharage alipotea nyuma ya pazia ili uso wake usimkumbushe mtu kucheka. Lakini koo ni koo. Alianza kuimba kule nyuma, kwa chini chini, kujipoza tu. Wenzake walisikia, wakajisogeza nyuma kidogo, karibu na pazia. Redioni naye alisimama mbali na maikrofoni, karibu na mlango, sauti ikafika hivyo hivyo. Haukupita muda Cletis akapata sifa milima mizima.

"Ndugu Cletis," watu walimwambia, "sauti yako inatoka kama chini ya nyumba."

"Inatoka mbali kidogo kuliko hapo," Cletis alijibu, huku akimtupia Orbin jicho.

Miaka ikaenda hivyo. Orbin alioa, akalea, akazika baba yake. Siku ile ya mazishi, juu kaburini, ndugu mmoja wa kanisa alimgeukia ili atoe mstari, kwa kuwa ndiye mwana. Orbin alitazama nyuso zilizomzunguka. Zilikuwa zimekunjamana kwa huzuni, lakini aliona pembe za midomo zinamngoja. Akatikisa kichwa, mstari ukatolewa na mtu mwingine. Arminta alikuwa upande wa pili wa kaburi. Aliona.

Besi iliendelea kusafiri juu ya paa, kwenye mvua na theluji, ikapasuka mara nyingi na kugundishwa mara nyingi. Bendi zingine ziliacha mambo ya kuchekesha, zikavaa kifahari. Hobart hakuacha. "Watu wetu wanachoka sana wiki nzima," alisema. Kisha siku moja Cletis akapata kazi kiwandani huko Ohio, kama wengi walivyopata, akafunga virago, akamkumbatia Orbin. Akamwambia, "Kule nikiombwa niimbe, itabidi nikutumie nauli."

Ukawa wakati wa yale matamasha ya uwanjani, yanayowaleta vijana wa mijini wenye nywele ndefu na mahema. Bendi ilialikwa kwenye moja la mbali. Jukwaa lilikuwa mbao tupu katikati ya malisho.

"Hapa hakuna pazia, Orbin," Hobart alisema. "Na hakuna Cletis."

Orbin aliimba. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kisa cha kofia, na wale vijana walimtazama kwa adabu, kama watu wanaosikiliza maelezo ya daktari. Mmoja alimuuliza baadaye ile suruali ina maana gani. Kwa wimbo wa Mungu nao walinyamaza vile vile, kimya cha heshima, mpaka mwisho, kisha wakapiga makofi marefu.

"Umeona?" Hobart alimwambia wakifunga besi juu ya gari. "Hakuna aliyecheka. Umeimba vizuri sana, bwana."

"Hawanijui, Hobart. Mbele ya mtu asiyekujua hata mbuzi ni askofu."

"Sasa unataka nini?"

Orbin alikaza fundo la kamba, akalikaza tena. "Nataka niimbe Rhoden, na mama yangu abaki amekaa."

Nafasi ilikuja mwaka ule ule. Serikali ya wilaya ilikuwa inazifunga shule ndogo za mabondeni, na watu wa Rhoden wakaamua kuiaga yao kwa chakula na muziki, Jumamosi mchana, kila nyumba ilete sufuria yake. Arminta alikuwa sasa amezeeka, amekuwa mdogo kama aliyefuliwa kwa maji moto. Orbin alikwenda kumpasulia kuni, akamwambia habari za sherehe.

"Bado mna ule wa katikati?" Arminta akauliza.

Shoka likasimama hewani. "Tunao, mama."

"Utanifuata na gari. Miguu yangu haifiki."

Orbin alimwendea Hobart. "Siku hiyo Maharage asiwepo kabisa."

"Watu wanaleta kuku na keki ya tufaha kumwona Maharage. Wataniunguza mimi pamoja na shule."

"Basi aje mwanzoni tu. Halafu nivue kila kitu, nivae suti ya kanisani. Nitafika kwenye maikrofoni kichwa wazi."

"Na kikofia?"

"Kitakuwa guniani, na gunia litakuwa ndani ya gari, na gari nitalifunga."

Ndivyo walivyofanya. Mjomba Maharage alikuja, akachomea suruali yake sakafuni kwa mara isiyohesabika, wazee wakajifuta macho, kisha akaondoka. Nyuma ya pazia Orbin alitoa ile nta jinoni, akaosha uso, akafunga tai, akachana nywele kwa maji, akaenda kulifungia gunia garini. Aliporudi jukwaani Arminta, aliyemfuata kwa gari mapema na kumwacha nje kwenye chakula, alikuwa ameshaletwa ndani na majirani. Alikuwa amekaa benchi la pili, mahali pale pale.

Hobart na wenzake wakavua kofia. Orbin akasogea. Kukawa kimya, na katika kimya kile sauti ya mwanamke mmoja ikasema kwa mshangao mtupu, "Maharage kavaa tai."

Kicheko kikaanza kona moja, kikaenda ya pili. Mtu akaita kutoka nyuma, "Vua na ya pili, Mjomba!" Na Orbin, bila kufikiri, akapeleka mkono kichwani kuhakikisha. Hapakuwa na kitu. Kule kupapasa nywele zake mwenyewe ndiko kulikomaliza kabisa. Ukumbi ukaenda wote, hata wa gitaa alikuwa anajiuma mdomo. Hobart alikuwa ameinua mkono juu ya nyuzi, ukabaki hapo hapo.

Orbin akamtazama mama yake. Mkono wake ulikuwa unapanda kuelekea mdomoni, umeshika pindo la aproni. Mabega yalikuwa yameanza.

Akafumba macho. Hakumngoja Hobart wala mandolini. Aliinua kidevu kama baba yake, akatoa mstari, haraka, kwa sauti ya juu, mara moja:

"Mto ni mpana nami sina daraja."

Wale watu midomo yao ilikuwa wazi kwa kucheka. Lakini walikuwa watu wa Rhoden. Mstari ulikuwa umetolewa. Ndugu mmoja mzee mbele akaushika kabla hajajua ameushika, mwanamke wa nyuma yake akaupokea, na kicheko kikiwa bado kwenye vifua vyao ukumbi mzima ukauvuta ule mstari, polepole, ukapanda ukutani na kushuka. Mwanzoni ulitetemeka, kwa kuwa ulikuwa umepakiwa juu ya kicheko. Mpaka unafika mwisho wake ulikuwa umetulia. Orbin akatoa wa pili. Akafumbua macho. Mkono wa Arminta ulikuwa umerudi mapajani, mdomo wake unaimba.

Walikwenda beti zote. Orbin alitoa mistari kwa sauti ya juu na kujibu pamoja nao kwa ile ya chini, na kila aliyekuwa mle alijua kwa mara ya kwanza ile sauti ya chini ya nyumba ilikuwa ya nani. Hobart aliiacha mandolini yake ikining'inia kifuani. Mwisho hakuna aliyepiga makofi, kwa maana wimbo wa namna ile haupigiwi makofi. Watu walikohoa, wakaenda kula.

Alipomrudisha mama yake alikuwa anaendesha taratibu, gunia limewekwa katikati yao. Walipita kanisa la zamani, wakapita daraja. Arminta alikuwa amepakata sahani ya keki iliyofunikwa kitambaa.

"Mama," Orbin akasema, "mwaka ule nisamehe."

"Mwaka gani?"

"Ule uliotoka unalia."

"Nililia lini mimi?"

"Pale shuleni. Nilipovua kofia. Ulijiziba mdomo, mabega yanatikisika, ukatoka."

Arminta akageuka kumtazama. "Orbin, nilikuwa nacheka."

Gari likapunguza mwendo lenyewe.

"Sikuwahi kukiona kile kikofia," Arminta akasema. "Umeinamisha kichwa kama baba yako, na kile kitu kiko juu. Nilitoka nje, nikacheka nyuma ya banda la kuni mpaka nikakaa chini kwenye magome. Halafu nikaona aibu. Nimecheka juu ya wimbo wa Mungu. Nikaenda nyumbani, nikaomba msamaha."

"Ulimwomba nani?"

"Mungu. Nani mwingine?"

"Mimi hukuniambia."

"Wewe ungejisifu." Alinyoosha kitambaa juu ya keki. "Nilidhani uliacha kuimba kwa sababu umeniona nacheka. Nikasema, mtoto amekasirika, na ana haki yake. Nikanyamaza."

Orbin alisimamisha gari kabisa, katikati ya njia, kwa kuwa hapakuwa na mtu mbele wala nyuma. Kijito kilisikika.

"Na leo?" akauliza.

"Leo uliniwahi. Nilikuwa karibu sana." Akalitazama lile gunia katikati yao, akalibonyeza kwa kidole. "Kile kidogo kimo humu?"

"Kimo."

"Ningependa kukiona tena kabla sijafa. Lakini si kwenye wimbo." Akafikiri. "Au hata kwenye wimbo. Mungu ameshaniona."

Orbin akawasha gari, akamfikisha kwake. Siku chache mbele bendi ingepiga bonde la jirani, na Arminta alikuwa ameshasema atakwenda, safari hii tangu mwanzo. Aliporudi nyumbani kwake Orbin aliliweka gunia mezani, akatoa kofia kubwa, akatoa na ile ya Jumapili, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu.

Sasa wewe niambie. Ungekuwa ni wewe unayeiendea ile maikrofoni, mama yako amekaa benchi la pili mikono mapajani, ukumbi umenyamaza: ungefika pale umevaa kofia ngapi?